Refa Obura Apimwa Macho

Siku Elburgon walipofungwa na Rongai bao moja kwa sufuri, hapana mtu aliyetoka uwanjani akizungumza habari za bao. Watu wote walizungumza habari za mkono. Beki wa Rongai, pandikizi la mtu ambaye siku za kazi alibeba magunia ya mahindi, aliuzuia mpira kwa mkono mbele ya goli lake mchana kweupe, na refa alikuwa amesimama karibu naye kiasi cha kuweza kumshika bega. Refa akapunga mkono, mchezo uendelee.

Refa mwenyewe aliitwa Obura. Alikuwa karani katika bohari ya mizigo ya stesheni ya Nakuru, mtu wa makamo, mwenye tumbo dogo la heshima na kaptula nyeupe ambayo mkewe, Adero, aliipiga pasi kila Ijumaa kana kwamba Gavana angekuja kuikagua. Alikuwa amechezesha mpira Nakuru tangu vita vya Hitla viishe, na hakuna timu iliyowahi kumpa hata chungwa la mapumziko akalipokea. Alikuja na maji yake mwenyewe kwenye chupa.

Lakini mwaka ule wa 1957 tulianza kumwona amebadilika. Chupa ya maji ikawa chupa mbili, halafu akawa anakuja na debe, na wakati wa mapumziko alilikimbilia kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Mara moja alirudi kinyumenyume akamwangusha mshika kibendera wake mwenyewe. Mitaani nako, ukimwamkia ukiwa upande wake wa kushoto alipita kama hakujui, na watu wakasema Obura siku hizi anaringa. Baada ya ule mkono wa Rongai maneno yakawa mazito zaidi. Wakasema Obura amenunuliwa.

Kapteni wa Elburgon, Kiprugut, alifanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao, na hakuwa mtu wa kelele. Wenzake walipokuwa wakimwimbia refa nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa, yeye alimfuata pale alipoketi akivua viatu.

"Mzee," akamwambia, "nataka kuuliza kitu kimoja tu. Umekula kitu cha Rongai, ama huoni?"

Obura akasimama na soksi ya mguu mmoja. Akasema hajapata kula kitu cha mtu, na macho yake husoma namba za mabehewa kutoka ng'ambo ya reli. Kiprugut akajibu kwamba kama macho ni mazima, basi jibu ni lile la kwanza. Hapo Obura akafura. Kulikuwa na daktari wa macho aliyekuja kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi, kuona wagonjwa hospitalini. Obura akaapa mbele yetu kwamba atakwenda akapimwe, na daktari akishasema macho ni mazima, Kiprugut atapanda juu ya gogo pale kiwandani aombe msamaha watu wote wakisikia.

"Sawa," Kiprugut akasema. "Lakini nitakuja pamoja na wewe. Nisikie kwa masikio yangu."

Siku ya daktari ilipofika, Kiprugut alishuka na lori lililoleta mbao stesheni, akamkuta Obura amekwisha omba ruhusa kazini. Walikaa kwenye benchi la hospitali bega kwa bega bila neno, kama wakwe waliogombana juu ya mahari. Kiprugut alikuwa na karanga. Akaona si vizuri kutafuna peke yake, akamnyooshea kwenye kiganja, upande wake wa kushoto. Obura hakugeuka. Kiprugut akadhani bado amekasirika, akazirudisha mfukoni.

Daktari alikuwa Mhindi mwembamba jina lake Vora. Alizaliwa Kisumu, nyuma ya duka la baba yake, akamwamkia Obura kwa Kijaluo safi mpaka Obura akasahau kununa. Akamwuliza kilichomleta. Obura akaeleza kwamba yeye hana ugonjwa wowote, amekuja kutafuta shahidi. Daktari Vora alicheka, akamtundikia ubao wa herufi.

Obura alizisoma zote. Alifunika jicho hili akasoma, akafunika lile akasoma, mpaka herufi za chini kabisa zilizo kama sisimizi, kisha akaendelea kusoma jina la waliochapa ubao ule, ambalo hakuna aliyemwomba. Akamgeukia Kiprugut.

"Umesikia, kapteni?"

Kiprugut alikuwa amesikia. Baadaye alisema kwamba wakati ule alikwisha anza kuchagua gogo.

Lakini daktari hakuwa amemaliza. Alitundika ukutani kitambaa cheusi kikubwa chenye alama moja nyeupe katikati, akamkalisha Obura mbele yake na kumfunika jicho la kulia. Akamwagiza aitazame ile alama ya katikati tu, asihangaishe jicho, na aseme kila atakapoona kijitufe cheupe kilichochomekwa kwenye ncha ya fimbo nyeusi. Kisha akaanza kukisogeza kile kijitufe polepole, kutoka pembeni kuja katikati.

Kiprugut alikuwa amesimama nyuma yao, na kijitufe alikiona kama mtu anavyoona yai kwenye majivu. Kikaingia kutoka kushoto. Obura kimya. Kikapita chini, kikapanda juu, kikasimama kidogo, kikaendelea. Obura kimya, macho kwenye alama, anangoja. Kiprugut alijikuta amekunja ngumi, anamwombea mtu aliyekuja kumshinda aseme tu neno moja. Kijitufe kilikaribia kabisa katikati ndipo Obura akasema kwa furaha, "Naam, hicho hapo. Kumbe unaanza sasa?"

Daktari akamfunika jicho la kushoto, akarudia. Jicho la kulia lilikuwa afadhali, ila nalo lilikuwa na kipande kilichopotea upande wa puani.

Baada ya hapo daktari alimlaza, akamtia matone ya kutia ganzi na kuweka juu ya jicho kijichombo cha chuma cha kupimia presha. Akamwangalia ndani ya macho kwa taa ndogo kwa muda mrefu, pua zao zikikaribia kugusana. Halafu, akiwa bado ameinama, akamwuliza kama siku hizi anakunywa maji mengi. Kiprugut ndiye aliyejibu. Akasema, "Debe, daktari."

Wakachukua mkojo wa Obura, wakauchemsha pamoja na dawa ya rangi ya samawati. Samawati ikageuka kijani, kijani ikawa manjano, na mwisho chupa nzima ikawa na rangi ya tofali.

Daktari Vora akavuta kiti, akakaa mbele ya Obura. Alimwambia ana magonjwa mawili. La kwanza ni presha ya macho. Jicho lina maji yake ndani, na maji yale yakikosa njia nzuri ya kutoka hujaa na kusukuma. Kinachosukumwa zaidi ni mshipa ule ulio nyuma ya jicho, unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa unakufa kutoka pembeni, taratibu, bila maumivu, ndiyo maana mwenyewe hasikii kitu. Katikati hubaki safi hadi karibu na mwisho. Mtu anasoma herufi zote na huku hamwoni aliyesimama kando yake. La pili ni ugonjwa wa sukari. Akampa dawa ya matone, akamwagiza aende zahanati ya reli kila asubuhi akadungwe sindano, na akamkataza sukari, asali, soda, mikate ya siagi na ugali wa mlima.

Obura aliuliza swali moja tu. "Hiki kilichopotea, kitarudi?"

"Hakitarudi," daktari akasema. "Kilichobaki ndicho tunachokipigania. Na kilichobaki ni kingi, Bwana Obura. Umekuja mapema kuliko wengi. Wengi huja wakiongozwa kwa mkono. Nani alikuleta?"

Obura akamwangalia Kiprugut. Ilimbidi ageuze shingo yote kumpata.

Walitoka nje, wakasimama kwenye jua. Kiprugut alikuwa ameshinda ubishi, na hakujua afanye nini na ushindi huo. Akazitoa zile karanga, safari hii akaziweka mbele kabisa ya Obura, na Obura akachukua. Walitafuna. Hatimaye Obura akasema kwamba beki wa Rongai lazima alicheka sana usiku ule. Kiprugut akasema hapana, beki wa Rongai alikuwa ameshangaa kuliko watu wote, alisimama pale akingoja filimbi kama mtu anayengoja kuitwa jina. Obura akaanza kucheka, tumbo lake lote likitikisika, na Kiprugut naye akacheka kwa kuwa hakutarajia.

Kule Elburgon watu walikuwa wakingoja kusikia. Kiprugut alipanda juu ya gogo hata hivyo. Akawaambia refa hakula kitu cha mtu, macho yake yanaugua, na aliyeimba nyimbo zile na azisahau. Jumapili iliyofuata nusu ya timu ilishuka Nakuru kumpa pole, wakambebea debe la asali ya msitu wa Mau, nzito na nyeusi, ile ambayo watu wa Nairobi huiulizia kwa jina. Adero aliwapokea vizuri sana, akawakalisha, akawapikia samaki. Debe lenyewe alilitoa kwa mlango wa nyuma kabla mumewe hajalifungua. Obura alisikia harufu yake tu, na wageni walipoondoka alibaki ameukodolea macho mlango ule kwa huzuni.

Hapo ndipo tungedhani mambo yamenyooka, kumbe Obura alikuwa na hesabu yake kichwani. Matone aliyatia kama sala, asubuhi, mchana na jioni. Yalimletea maumivu ya paji la uso, na ndani ya bohari alijiona kama yuko kwenye giza la magharibi saa zote, lakini hakuruka hata tone. Haya yalikuwa ya macho. Sindano za zahanati, hizo alienda siku alizojisikia kwenda. Na chai, ile aliyopikiwa na Adero bila sukari aliinywa kwa utiifu, kisha akapita mjini kwa Alamin.

Alamin alikuwa na hoteli ndogo karibu na soko. Baba yake alikuja kutoka Lamu wakati wa kujenga reli, na chai ya maziwa ya nyumba yao ilisifiwa Nakuru nzima. Sukari ilichemshwa humohumo na maziwa mpaka kijiko kikasimama. Alamin hakuwa na habari ya ugonjwa wowote ila wa macho, maana Obura hakumwambia mwingine. Kwa hiyo rafiki yake akiingia alimwekea kikombe kikubwa, na kaimati pembeni. Obura alikula akiwa na dhamiri safi. Alijiambia macho ni macho na tumbo ni tumbo, na wala matone hayaingii mdomoni.

Baada ya miezi michache akarudi kwa daktari, safari hii pamoja na Adero. Alikuwa na hamu ya kusifiwa. Daktari Vora akapima presha, akafurahi. Ilikuwa imeshuka vizuri. Akatundika kitambaa cheusi, akachukua fimbo yake, na furaha ikamtoka kidogo kidogo. Lile jicho la kulia, lililokuwa afadhali, lilikuwa limepoteza kipande kingine.

Akamwuliza Obura habari za sindano. Obura akakohoa. Akamwuliza habari za chai. Obura akatazama alama nyeupe ya katikati, ingawa hakuna aliyemwagiza. Mkojo ukachemshwa, na chupa ikageuka tofali mbele ya Adero.

"Mzee, nisikilize," daktari akasema. "Maji nimeyapunguza, matone yamefanya kazi yao. Lakini ule mshipa wa jicho ni kitu hai, unakula. Chakula chake huletwa na vijishipa vya damu vyembamba kuliko uzi, na sukari ikizidi kwenye damu, vile vijishipa ndivyo vinavyoharibika kwanza. Mshipa uliobanwa na presha halafu ukanyimwa chakula hauna nguvu ya kuhimili. Siwezi kukuapia kwamba ni chai iliyokula kipande hiki. Hata sisi madaktari bado tunabishana jinsi magonjwa haya mawili yanavyosaidiana. Lakini nimeona wengi kama wewe, na nisingependa jicho langu mwenyewe lipigwe kutoka mbele na kutoka nyuma."

 Adero ndiye aliyemgeukia mumewe, akasema kwa sauti ya chini.

"Baba Awino, chai yangu haina sukari. Ya nani hiyo?"

Akamtaja Alamin. Tuliokuwa hotelini mchana ule tulimwona Adero akiingia na kitambaa chake cha kanisani, akaketi meza ya katikati, mahali ambapo hakuwahi kuketi mwanamke peke yake, akaagiza chai. Alamin alimletea mwenyewe, akimwita shemeji. Adero akaonja, akaweka kikombe, akamwambia ni chai nzuri kuliko zote alizowahi kunywa, na kwamba inampofusha mumewe. Kisha akamweleza yote, pole pole, kama alivyoeleza daktari, kuhusu mshipa unaokula na vijishipa vyembamba kuliko uzi. Alamin alivua kofia. Alisema anaapa hakujua. Aliumia sana, maana alipenda kuwalisha watu na hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuumizwa na mkarimu.

Kuanzia kesho yake Obura alipoingia alipewa kikombe kilekile kikubwa, kimejaa chai ya tangawizi na iliki bila chembe ya sukari. Aliinywa kama mtu anayekunywa dawa ya minyoo. Kaimati zikawa mahindi ya kuchoma, nusu gunzi. Alijaribu hoteli nyingine mbili, akakuta Alamin amekwisha pita huko. Kiprugut naye, kila aliposhuka na mbao, alianzia zahanati kumwuliza mganga kama mzee amedungwa, ndipo aende stesheni. Obura alilalamika kwamba amekuwa mpira, kila mtu anamfukuza. Lakini kiu ilianza kupungua. Debe likarudi kuwa chupa. Usingizi ukawa wa kulala moja kwa moja, na kaptula ile nyeupe ikamlegea kiunoni hata Adero akaipunguza.

Kitu kimoja kilimkata maini kuliko vyote, nacho ni filimbi. Hakuna aliyemnyang'anya. Alikwenda mwenyewe kwenye kamati ya mpira, akawaeleza anachoona na asichoona, akasema si haki kwa vijana. Siku ile alirudi nyumbani akalala mapema. Baada ya wiki mbili tatu Kiprugut, aliyekuwa ameanza kuchoka magoti, akamjia na wazo lake. Akataka afundishwe urefa. Wakaanza Jumapili baada ya kanisa, kwenye kiwanja kilichokuwa nyuma ya nyumba za reli, na habari ikaenea, wakaongezeka vijana kutoka Lanet, na mpasua mbao mwingine, Nyongesa, aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Obura aliwafundisha kugeuza shingo. Aliwaambia jicho ni vivu, lisipopelekwa haliendi. Wakatoka pale wakichezesha mpira huku vichwa vinazunguka kama vya kuku, na watu wakawacheka, lakini hapakuwa na mkono uliowapita.

Mwaka ulipogeuka akaenda tena kwa daktari. Adero alikuwapo, Kiprugut alikuwapo, na Alamin alifunga hoteli akaja. Chumba kilijaa mpaka daktari akauliza ni nani mgonjwa. Mkojo uliochemshwa ulibaki samawati. Kitambaa cheusi kikatundikwa. Obura alitazama katikati, na kila kijitufe kilipotokea pale palipobaki, alisema naam. Daktari akachora alama zake, akalinganisha na zile za zamani, jicho la kushoto, kisha la kulia. Mpaka wa anachoona haukuwa umesogea. Hata upana wa kucha.

Daktari Vora alisema hawezi kumwahidi miaka yote, ila akiendelea hivi ana sababu ya kutumaini. Akaongeza kwamba presha ya macho hupenda kutembea katika ukoo, ndugu zake nao wapimwe. Basi Obura akamwandikia dada yake mkubwa kule Yala, naye akaja kwa treni na kuku wawili. Akapimwa akakutwa mzima kabisa, na akakataa kushuka kitini mpaka aangaliwe mara ya pili, maana alisema safari ilikuwa ndefu.

Kabla dada hajarudi kwao, lori la Elburgon lilitupakia wote Jumapili moja, tukashuka ziwani. Heroe, wale ndege wa miguu mirefu, walikuwa wengi mwezi ule, ukingo wote wa maji ulikuwa na rangi ya waridi, na sauti zao kama soko kubwa lililo mbali. Sisi tulitazama mara moja tukaanza kutafuta kivuli cha kulia chakula. Obura alibaki amesimama na Adero. Alianza mwisho wa kushoto kabisa, akageuza kichwa taratibu, akisimama hapa na pale, akafuata ukingo wote mpaka mwisho wa kulia. Ilimchukua muda. Dada yake akamwita aje, samaki wanapoa. Akamjibu kwa Kijaluo kwamba waanze kula, yeye hajamaliza, kisha akarudi mwisho wa kushoto akaanza tena.